Neno "Hadi" na Mkataba wa Intaneti: Mfanyabiashara Achague Nini?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii, ijapokuwa ilitungwa kabla ya tarakilishi ya kwanza kuletwa Afrika Mashariki, inamfaa sana mfanyabiashara wa leo anayetafuta huduma ya intaneti. Mabango ya kando ya barabara katika miji ya Kenya yanamwahidi mbio: kasi hadi megabiti 10, hadi 40, hadi 100 kwa sekunde. Aghalabu yeye hutazama tarakimu, akailinganisha na bei, kisha akatia sahihi. Neno dogo lililotangulia tarakimu hiyo, yaani "hadi", halimshughulishi. Makala haya yanadai kwamba neno hilo ndilo lililostahili kusomwa kwanza. Biashara inayolinganisha huduma za intaneti kwa kigezo cha kasi pekee inalinganisha siku njema, ilhali hasara huja siku mbaya.

Chukulia mfano wa saiba iliyo nje ya lango la chuo kikuu chochote nchini. Ina tarakilishi kumi, mashine ya kuchapisha, na wateja wanaotaka kuchapiwa tasnifu, kutuma maombi ya kazi au kujaza fomu za serikali katika eCitizen. Tarehe 30 Juni, ambayo ni siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha taarifa za ushuru kwa KRA, foleni hufika barabarani. Iwapo mtandao utakatika saa nne asubuhi siku hiyo, hakuna mteja atakayeuliza mwenye saiba alinunua megabiti ngapi. Atauliza utarudi lini, na asipopata jibu atavuka barabara kwenda kwa jirani. Kasi nzuri ya miezi kumi na mmoja haiwezi kulipa hasara ya asubuhi hiyo moja.

Wala jambo hili si la saiba pekee. Tangu Januari 2024, gharama za biashara, isipokuwa chache zilizosamehewa, zinahitaji kuthibitishwa kwa ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS ili zikubalike katika hesabu ya ushuru. Muuza misumari na mwenye mkahawa wamekuwa watumiaji wa intaneti, wapende wasipende.

Njia zilizopo

Kabla ya mwaka 2009 mfanyabiashara wa Kenya hakuwa na mengi ya kuchagua. Mawasiliano ya intaneti kati ya nchi hii na ulimwengu wa nje yalitegemea setilaiti, na huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa mwaka huo, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, mlango ulifunguka. Tatizo la leo, hasa mijini, si ukosefu wa huduma bali ni wingi wa ahadi.

Njia ya kwanza ni faiba. Nyuzi hizi nyembamba za kioo hupitisha habari kwa miale ya mwanga. Hazisumbuliwi na mvua wala na wingi wa simu zilizo hewani, na zinaweza kupakia kwa kasi ile ile ya kupakua iwapo kampuni itaruhusu. Udhaifu wake ni sululu ya mchimba mtaro, lori lililogonga nguzo, au moto wa taka uliowashwa chini ya waya. Fauka ya hayo, faiba haifiki kila mahali. Yamkini imepitishwa upande mmoja wa barabara, wenye maduka ya upande wa pili wakabaki kuitazama.

Njia ya pili ni minara ya kampuni za simu, kwa mitandao ya 4G na 5G. Safaricom ilianza kuuza huduma ya 5G Oktoba 2022, nayo Airtel ikafuata Julai 2023. Uzuri wake ni wepesi: ruta huchomekwa kwenye umeme na kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mnara ni kama kisima cha kijiji. Wakija wachache, ndoo hujaa upesi. Wakija wote jioni, kila mmoja husubiri zamu. Kasi iliyopimwa saa tatu asubuhi haisemi lolote kuhusu saa mbili usiku.

Njia ya tatu ni setilaiti, ambayo imerudi kwa sura mpya. Setilaiti za mtindo wa zamani hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka vivyo hivyo, karibu nusu sekunde huwa imepita hata kama kasi iliyotangazwa ni kubwa. Ndiyo sababu wanaozungumza kwa video kupitia setilaiti hizo hukatizana maneno. Starlink, iliyoanza kuhudumu Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zinazozunguka takriban kilomita 550 kutoka ardhini, na ukawiaji huo umepungua mno. Kwa kambi ya watalii ya Samburu au duka la jumla la Turkana lililo mbali na faiba, hii ni neema. Lakini anga nayo hujaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na katika kaunti jirani kwa sababu uwezo wake huko ulikuwa umefika ukomo, na usajili haukurejea hadi mwaka 2025.

Njia ya nne ni bando la simu, ambalo wengi huanzia kwalo. Halihitaji mkataba wala fundi. Lakini biashara inayoendeshwa kwa bando la kila siku haina budi kukumbuka kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Bando linafaa kuwa akiba ya dharura. Likifanywa msingi wa biashara, mwisho wa mwezi hesabu yake huzidi bei ya laini ya kudumu.

Kusoma tarakimu

Hapana budi kutanabahisha kwamba megabiti si megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa katika ubora wake, husafirisha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 600, mathalan video ya harusi ambayo studio inampelekea mteja, itachukua dakika nane. Sasa tuseme kasi ya kupakia katika laini hiyo hiyo ni megabiti 2 tu, jambo ambalo bango halikulitaja. Faili hiyo itachukua dakika arubaini. Mwenye studio alinunua kasi ya kupakua, ilhali kazi yake ni kupakia.

Kuna pia tarakimu inayodanganya kwa uzuri wake. Kampuni ikiahidi kwamba mtandao utapatikana kwa asilimia 99 ya wakati, mwanafunzi wa chuo ataona hiyo ni alama ya kujivunia. Lakini mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja ya saa hizo ni saa saba na dakika kumi na mbili. Ahadi hiyo inatimia hata kama saa hizo zote zitaangukia tarehe 30 Juni. Ahadi ya asilimia 99.9 hupunguza muda huo hadi dakika arubaini na tatu hivi. Tofauti ya sehemu hiyo ndogo ya asilimia ina thamani kubwa kwa biashara kuliko kuongezewa megabiti 20.

Kutokana na hayo, rai ya makala haya ni kwamba biashara ndogo yenye fedha za kununua laini moja ya kasi kubwa inunue laini ya faiba ya kasi ya wastani, kisha salio ilitumie kupata akiba ya aina tofauti, kama vile ruta ya mnara wa kampuni nyingine. Pasipo na faiba, mnara au setilaiti iwe msingi, na kingine kiwe akiba. Isitoshe, kila ruta iwekewe betri, maana umeme ukipotea hata faiba bora haina kazi.

Wapo watakaosema kwamba laini mbili ni anasa ya mabenki. Hoja hiyo ina uzito, lakini akiba si lazima ilipiwe kila siku. Ruta ya pili yaweza kukaa kabatini na kununuliwa bando siku ya haja tu. Lililo muhimu ni kwamba laini hizo mbili zisiwe na mauti ya pamoja. Februari 2024 mikongo kadhaa, ikiwemo ya SEACOM na AAE-1, iliharibika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya na Tanzania wakakumbwa na mtandao wa kusuasua. Mwenye laini mbili zilizotegemea mikongo hiyo hiyo hakuwa na akiba. Alikuwa na ankara mbili. Vivyo hivyo kwa faiba za kampuni mbili zilizofungwa kwenye nguzo moja.

Lugha ya mkataba

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapoingia. Bango humvuta mteja kwa Kiswahili au Sheng, lakini mkataba anaotia sahihi aghalabu huwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Huduma iliyotangazwa kuwa "bila kikomo" huenda ikawa na kifungu kinachosema kwamba baada ya kutumia kiasi fulani mteja atapunguziwa kasi. Kikomo kimeondolewa kwenye kiasi kikahamishiwa kwenye kasi, na neno likabaki palepale. "Hadi" nalo, kwa maana yake halisi, hutaja mwisho wa kitu. Ni dari, si sakafu. Kampuni iliyoahidi hadi megabiti 40 ikatoa megabiti 6 haijavunja ahadi kisarufi, ingawa mfanyabiashara amepata hasara.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kutetea mkataba ambao mlipaji hauelewi. Habari iliyotolewa kwa lugha asiyoimudu mwenye haki ni sawa na barua iliyofungwa.

Kuna wanaoshikilia kwamba hilo ni suala la mawakili na wahandisi, na kwamba mtaalamu wa Kiswahili abaki na ushairi na isimu. Msimamo huo haufai. Soko limeshajitungia istilahi zake bila kungoja kamusi: "faiba", "bando" na "saiba" hazikuomba ruhusa ya mtu, na hakuna haja ya kuzifukuza. Pengo liko kwenye dhana ambazo soko halijazipa jina la kueleweka na wote: ukawiaji, kugawana laini, fidia ya kukatika. Asiye na jina la kitu hawezi kukiulizia dukani.

Kwa hivyo, mfanyabiashara apewe angalau maswali manne ya Kiswahili sanifu na chepesi ya kumuuliza wakala kabla ya kutia sahihi. Kwanza, kasi ya chini kabisa iliyohakikishwa ni ipi, katika kupakua na katika kupakia? Pili, laini hii inagawanywa na wateja wangapi, na kasi hupunguzwa baada ya matumizi ya kiasi gani? Tatu, ikikatika, fundi atafika baada ya saa ngapi, na fidia ni ipi? Nne, laini inapitia nguzo, mnara na mkongo upi? Wakala anayeweza kuyajibu kwa maandishi anastahili kusikilizwa, hata kama tarakimu ya bango lake ni ndogo. Asiyeweza, anauza "hadi".

Hitimisho

Ni bayana kwamba hakuna huduma moja iliyo bora kwa kila biashara. Faiba huishinda mnara pale inapofika. Mnara huishinda faiba kwa wepesi wa kuanza. Setilaiti huvishinda vyote viwili pale ambapo hakuna kimojawapo. Linalozihusu biashara zote ni kupima huduma kwa siku itakayoharibika na kuusoma mkataba kwa lugha inayoeleweka.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina nafasi adhimu hapa. Wanachama wake hupita mbele ya saiba hizo kila siku, na huchapiwa tasnifu zao humo humo. Wakiutafsiri mkataba mmoja tu wa intaneti kwa Kiswahili chepesi, wakaubandika ukutani kabla ya Juni ijayo, watakuwa wamemtoa Kiswahili darasani wakamfikisha pale mfanyabiashara anapotia sahihi.