Beberu Asiye na Pembe Si Wa Kukimbiliwa

Mbuzi ndiye benki ya mkulima wa Kitui na Makueni. Mvua ikosekanapo na ndengu kukauka shambani, yeye ndiye apelekwaye soko la Emali ili karo ilipwe. Yashangaza basi kwamba tunamchagua beberu kwa sura. Nimewasikia wengi wakimsifu asiye na pembe, eti ni mpole na hawadhuru watoto. Mimi sikubaliani nao.

Korodani huumbika kwa amri ya jeni. Jeni ya SRY, iliyotambuliwa mjini London mwaka 1990, huiamsha nyingine iitwayo SOX9. Korodani zikishaumbika, hutoa homoni ya testosteroni iletayo harufu na ukali wa beberu. Jike hana SRY. Kwake, FOXL2 ndiyo mlinzi wa ovari.

Sasa, mbuzi wazaliwao bila pembe katika mbegu za maziwa kutoka Ulaya, mathalani Toggenburg ambao shirika la FARM-Africa liliwafikisha Mwingi na Kitui, huwa wamepungukiwa na kipande cha kromosomu ya kwanza. Watafiti wa Ufaransa waligundua hayo mwaka 2001, na mwaka 2014 wakathibitisha kwamba athari yake hupitia FOXL2, ambayo huzimwa. Mtamba akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia, mahali pa ovari huota korodani. Huyo ni huntha, si dume si jike. Hashiki mimba kamwe, pengine huwapanda wenzake, na majani ya kiangazi anayala vilevile! Mwenyewe hungoja miaka miwili akimlaumu beberu, au jicho la jirani.

Hesabu yake ni nyepesi. Wazazi wote wawili wakikosa pembe, kila mmoja akiwa na nakala moja ya kasoro, robo ya watoto wao wa kike, kwa wastani, watakuwa huntha. Mzazi mmoja akiwa na pembe za asili, hatazaliwa huntha wa namna hiyo. (Aliyechomwa vichipukizi vya pembe utotoni ahesabiwe kuwa nazo; moto haubadili urithi.)

Walimu wenzangu, mbona twang'ang'ania njegere za Mendel peke yake, sisi watu wa ndengu na mbaazi? Mwanafunzi wa Mutomo au Kibwezi na apewe zizi la kwao alifanyie hesabu. Mada ataielewa, na jioni atamwambia babake ni beberu yupi asimnunue.