Motokaa Wazi za Zamani na Mfuko Mdogo

Mwezi huu tungependa kuzungumza na vijana juu ya jambo ambalo wazee wao pengine wataliona ni mchezo, nalo ni kununua na kutengeneza motokaa za zamani za viti viwili zisizo na paa, zile ambazo Waingereza walizitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970. Sisi tulikuwa katika hao wenye kuliona ni mchezo, mpaka lilipoingia katika nyumba ya ndugu yetu.

Mtoto wa ndugu yetu huyo anakaa Uingereza pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Alinunua MGB nyekundu ya mwaka 1972, inang'aa kama kioo, kwa akiba ya miaka mitatu. Tulipokwenda kumtazama, kabla hata ya kunywa chai alitupeleka kuiona. Basi, marehemu baba yetu alikuwa fundi bati, nasi tulikua katikati ya nyundo na lehemu; tukamwomba sumaku. Akaenda akaibandua moja kwenye friji ya mkewe. Tukaifunga katika leso isikwaruze rangi, tukaipitisha juu ya motokaa ile. Kwenye mlango ilishika. Chini ya mlango ikaanguka sakafuni. Tukajaribu upande wa pili, ikaanguka vile vile. Chini ya rangi ile nzuri hapakuwa na bati, bali puti.

Lazima tueleze kwa nini jambo hili ni kubwa. MGB zilitengenezwa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hata 1980, nazo kwa jumla zilipita 500,000. Haina chasisi peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo ibebayo kila kitu. Tena haina paa la kuisaidia. Kwa hiyo kinachoushika upande wa mbele na wa nyuma usiachane ni sakafu, na mihimili miwili ya bati ipitayo chini ya milango. Mihimili hiyo ikiliwa na kutu, motokaa hulegea katikati. Tukaipandisha kwa jeki, tukamwambia afungue mlango. Mlango ukakwama.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ami, nami nimempakia mwanangu humu."

Alitaka kujua kwa nini hakuna mkaguzi aliyemwambia. Jawabu ni kwamba tangu mwaka 2018 serikali ya Uingereza imezisamehe ukaguzi wa kila mwaka motokaa zilizopita miaka 40, maadamu hazikubadilishwa mno. Msamaha huo umewafurahisha wengi. Walakini mwenye motokaa hakukatazwa kuipeleka kwa hiari yake, na malipo yake ni madogo. Sisi twaona yampasa kuipeleka, tena kabla ya kununua ikiwezekana. Ama yule aliyemwuzia, alipoulizwa alijibu kwamba mnunuzi aliitazama kwa macho yake. Kuficha aibu ya mali unayoiuza ni jambo ambalo wasomaji wetu wanajua hukumu yake, hatuna haja ya kurefusha.

Sasa tuje kwenye pesa. Kijana hudhani kwamba injini ndiyo imalizayo mfuko. Sivyo. Injini ya MGB ni ya silinda nne, ni jamaa moja na ile ya Morris Oxford ambayo wazee wa kwetu wataikumbuka, na vipuri vyake vinauzwa hata leo. Kabureta, pampu ya maji na breki humtaka mtu awe na spana chache, kitabu cha ufundi na subira. Mali huishia katika bati. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kwa mitambo ya asili, lakini bei yake hupita paundi 10,000, na kwa mwenye mfuko mdogo ni kama hazipo. Basi bora anunue motokaa yenye rangi iliyopauka, viti vilivyochanika na injini iliyokufa, ikiwa bati lake ni zima. Zile za kuanzia mwishoni mwa mwaka 1974, zenye bampa nyeusi za mpira zilizowekwa kwa ajili ya sheria za Marekani, watu huzidharau na bei yake huwa chini. Dharau hiyo ni faida ya mnunuzi.

Kijana wetu alikwisha azimia kununua ya pili apate vipuri, kisha Triumph Spitfire. Tulimkataza. Ana gereji moja, na motokaa iliyofunikwa turubai nje katika unyevu wa Uingereza hujila yenyewe.

Tulikaa wiki tatu. Tulitoa tangi la petroli na betri, tukaisimamisha mahali palipo sawa, tukachomelea chuma kuziba uwazi wa mlango ili bodi isipinde, ndipo tukakata bati bovu, upande mmoja tu, na kila hatua tukijaribu mlango kama wafunga. Katika barua yake ya mwisho anasema upande wa kushoto umekwisha na mlango wafunga kwa kidole kimoja. Wa kulia ataanza akipata bati, na mtoto bado haruhusiwi kupanda.