Kazi huitaki? Niambie

Mhariri,

Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilimpigia kijana aliyefanya vizuri kwenye usaili. "Nashukuru sana bosi, Jumatatu saa mbili nipo." Jumatatu nikakaa na funguo za kaunta mkononi hadi saa tano, simu inaita, haipokelewi. Na yule wa pili nilishamwambia nafasi imejaa.

Angeomba siku mbili afikirie, ningempa. Angetaka mshahara na saa za kazi kwa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko upande wake. Kapata pazuri zaidi? "Samahani mzee, nimepata kwingine." Nisingenuna. (Nasi waajiri tuna letu: mara nyingi waliokosa hatuwaambii kitu.)

Mwenye duka,
Morogoro