Ngumi Inayojua Kusimama



Kila yanapotajwa mashindano ya karate kwa wanafunzi, wazazi wengi hapa Mtwara huuliza: kwa nini tuwafundishe watoto kupigana? Swali hilo tusilipuuze. Tunaishi jirani na vita. Tangu Oktoba 2017 ndugu zetu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wameuawa na kuyakimbia makazi yao. Oktoba 2020 mashambulizi yalivuka mto hadi kijiji cha Kitaya. Mzazi wa huku anayeogopa ngumi ana sababu.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba mashindano yanayosimamiwa vizuri ni sehemu ya malezi ya amani. Tuangalie kanuni zake. Washindani huinamiana kabla ya pambano na baada yake. Pointi hutolewa kwa pigo lililolengwa vema na kudhibitiwa. Anayempiga mwenzake kupita kiasi huadhibiwa, na akizidi hutolewa. Kwa maneno mengine, anayemuumiza mwenzake anaweza kushindwa hata kama ndiye mwenye nguvu zaidi.

Somo hili halitoshi kufundishwa kwa maneno. Mazoezini kijana hukabiliana na rafiki aliyemzoea. Mashindanoni hukutana na mgeni, kelele za watazamaji na hasira yake mwenyewe. Hapo ndipo hujulikana kama ameweza kujitawala. Mtakatifu Paulo naye, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 9, alitumia mfano wa mkimbiaji na mpiga ngumi kueleza nidhamu ya Mkristo.

Karate si ngeni katika shule zetu. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1973 kwa mtindo wa Goju-Ryu, na Shule ya Zanaki ikawa makao yake. Jina la mtindo huo lina maana ya ugumu na ulaini kwa pamoja. Mtwara nayo ina uzoefu wa kupokea wanamichezo: tulikuwa wenyeji wa UMISSETA mwaka 2019 na 2021.

Jumuiya ya shule nayo hunufaika. Mseminari, mwanafunzi wa shule ya kata, Mkristo na Mwislamu hukaa ukumbi mmoja, na watazamaji hujifunza kumpigia makofi hata aliyeshindwa.

Lakini tusiandae mashindano kiholela. Awepo mwalimu mwenye sifa, waamuzi wanaojua kanuni, vifaa vya kinga na mhudumu wa afya. Wasichana wapewe nafasi sawa. Wazazi waelezwe mapema kwamba kule kuinamiana ni salamu ya heshima, si ibada.

Wapendwa, kijana asiyepewa mahali pa kuzifundisha nguvu zake adabu atapata wengine wa kumfundisha kuzitumia. Afadhali afundishwe nasi, mchana kweupe, mbele ya wazazi wake.