Mafuta ya bangi kwa mtoto mwenye kifafa: Uliza leseni kwanza

MZAZI anayelea mtoto mwenye kifafa hachoki kutafuta. Husikiliza jirani, shangazi na hata ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe huo unaweza kuwa tangazo la mafuta ya bangi, lenye maelezo kwamba Marekani wameruhusu na hata Rwanda wanalima.

Ni ukweli, lakini nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mtoto.

Mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Imetengenezwa kwa kanabidioli, kiambata cha bangi kisicholevya, kilichotenganishwa na kusafishwa. Daktari hupanga kipimo kwa uzito wa mtoto na kupima damu kuangalia ini.

Rwanda iliweka utaratibu wake mwaka 2020 na 2021. Mwenye leseni hulima chini ya ulinzi mkali, kwa ajili ya kuuza nje. Raia anayevuta mtaani bado ana kosa.

Hapa kwetu, bangi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kulima, kuuza na kukutwa nayo ni kosa. Hivyo, iwe Maili Moja Kibaha au Kisarawe mjini, muuzaji wa mafuta hayo hana leseni ya kukuonyesha. Hakuna aliyepima kiasi cha kilevi kilichomo, na mtoto akizidiwa, mzazi hana pa kulalamika.

Si kwamba dawa kali hazitolewi. Fenobabitoni, inayotumika sana kutibu kifafa, nayo ni dawa ya kudhibitiwa. Ikizidi inaweza kuzuia pumzi. Inatumika kwa usalama kwa sababu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) huikagua, Baraza la Famasi husajili duka na mfamasia, na daktari huandika kipimo. Kwenye chupa ya WhatsApp, hatua zote tatu hazipo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, ampeleke mtoto hospitali, kama Tumbi kwa wa Kibaha au Hospitali ya Wilaya kwa wa Kisarawe. Dawa isipomfaa, aombe ibadilishwe au apewe rufaa ya kumwona bingwa.

Pili, asikatishe dawa ghafla kwa sababu amepata mafuta. Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha maisha.

Tatu, kama mtoto ameshapewa mafuta, daktari aambiwe bila kuficha. Kanabidioli huweza kubadilisha nguvu ya dawa nyingine mwilini.

Nne, anaponunua dawa aangalie cheti cha usajili ukutani. Duka la dawa muhimu lina orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Halilingani na famasi.

Tano, kifafa kikimshika, mtoto alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na saa iangaliwe. Kikipita dakika 5, apelekwe hospitali haraka.

Baba au mama anayejaribu mafuta haya hafanyi hivyo kwa ubaya. Amechoka kumwona mwanawe akianguka. Ndugu wanaomtumia matangazo wangemsaidia zaidi kwa kumchangia nauli ya kliniki.