Skana Haijui Jino Linaishia Wapi

Kliniki binafsi za meno jijini Nairobi na Dar es Salaam siku hizi hujinadi kwa skana: kijiti chenye kamera hupitishwa mdomoni na, baada ya dakika chache, taya zima linaonekana kwenye kompyuta. Mzazi aliyempeleka mwanawe kufungwa waya wa meno huambiwa kipimo cha kidijitali hakikosei. Kauli hiyo inauza, lakini si kweli.

Njia ya zamani ina karaha zake. Mtoto hung'ata sahani iliyojaa alijineti, uji mzito utokanao na mwani wa kahawia, na wengine hutapika kabla haujaganda. Kisha humiminwa plasta kupata mfano wa meno. Alijineti ikiachwa ikauke husinyaa, ikilowekwa majini huvimba. Fundi akizembea, vipimo vimeharibika kabla kalipa, kifaa cha kupimia upana wa meno, haijashikwa. Mifano yenyewe huvunjika na kujaza makabati. Katika hayo yote, skana imeleta nafuu ya kweli.

Kupima ni jambo jingine. Mwaka 1958 Wayne Bolton, daktari wa Marekani, alichapisha hesabu inayotumika mpaka leo: upana wa meno 12 ya chini, kuanzia gego la kwanza upande huu hadi la upande wa pili, uwe kama asilimia 91.3 ya upana wa meno 12 ya juu. Daktari akikosea moja ya kumi ya milimita kila jino, tena kwa kuelekea upande uleule, jumla ya taya moja inapotoka kwa milimita 1.2. Kosa dogo hivyo laweza kuamua kama meno yapunguzwe kwa kusuguliwa au yaachwe.

Je, kompyuta inaliondoa kosa hilo? Meno yaliyobanana huzuia ncha za kalipa zisipenye, ila huzuia na mwanga wa skana pia. Pale isipoona, programu hujaza pengo kwa kukisia. Kwenye kioo daktari anaweza kukuza picha na kuigeuza atakavyo, lakini mpaka wa jino huchaguliwa na jicho lake, au na programu ambayo yeye anapaswa kuikagua. Ndiyo maana tofauti kati ya njia hizi mbili, kazi ikifanywa vizuri, kwa kawaida ni ndogo mno kubadili matibabu.

Picha za eksirei za fuvu zina kisa hichohicho. Zamani daktari alitandika karatasi angavu juu ya filamu, akachora kwa penseli iliyochongwa vizuri na kupima pembe kwa protrakta. Leo anabofya tu, na pembe zinatoka zenyewe. Makosa ya kuchora yametoweka. Kosa kubwa zaidi, la kutambua nukta yenyewe ya kupimia kwenye kivuli cha mfupa, limebaki palepale.

Kwa hiyo vyuo visiharakishe kutupa kalipa. Mwanafunzi aliyepima plasta kwa mkono hushtuka programu inapomletea jino la mbele la juu lenye upana wa milimita 11, wakati kawaida ni kama 8.5. Naye mzazi, kabla ya kulipia teknolojia, aulize ni nani aliyevikagua vipimo vya mwanawe, na aombe aonyeshwe.