Kuingia Hekaluni Hakukunitoa Dini

Mliokuwa mnauliza mbona kimya wiki nzima, jibu ni kwamba nimegombana na shoga yangu wa chumbani, na chanzo cha ugomvi ni mlima.

Jumapili iliyopita darasa letu la ualimu tulichanga, tukakodi basi dogo, tukaondoka hapa Vadodara alfajiri na chai ndani ya chupa. Safari yenyewe fupi, kama kilomita 50 tu, kwenda Champaner na mlima Pavagadh. Kwa mlio nyumbani ambao hamjawahi kusikia jina hilo: ni mji wa zamani wa masultani wa Gujarat. Chini ya mlima kuna magofu ya misikiti, na juu kabisa kileleni kuna hekalu la mungu wa kike anayeitwa Kalika. Mwaka 2004 UNESCO waliviweka vyote pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia, yaani mlima mzima na mji wake, sio msikiti peke yake wala hekalu peke yake. Shikeni hilo, nitalirudia.

Tulianza na Jami Masjid, msikiti mkuu. Duh! Mimi ni mtoto wa Tanga, nimezoea misikiti, lakini pale niliganda mlangoni. Minara miwili ya mbele ina urefu wa kama mita 30 kila mmoja, na ndani kuna nguzo 172. Mianga inaingia kupitia madirisha ya mawe yaliyotobolewa nakshi nyembamba kama kofia ya mkono. Na kimya. Hakuna anayeswali pale, ni jengo la kihistoria linalolindwa na serikali, jani la mkeka hulioni. Mihrabu zipo, birika la udhu lipo, watu hawapo. Popo wapo.

Ukikaribia ukuta ndipo unashtuka. Nakshi zile ni za hekalu! Maua ya yungiyungi, kengele na minyororo iliyochongwa kwenye jiwe. Mafundi walikuwa wa hapa hapa Gujarat, watu ambao ujuzi wao ulikuwa kujenga mahekalu ya Wahindu na Wajaini, sultani akawapa kazi ya msikiti na mikono ikafanya ilichokijua. Kwenye vile vishubaka vya minara, ambavyo kwenye hekalu vingewekwa sanamu, wamechonga mimea na maua. Nilivitazama nikakumbuka zidaka za nyumba za mawe kule pwani. Tulikwenda pia Nagina na Kevda, misikiti midogo iliyoko vichakani. Nagina ni mzuri lakini jua lilishapanda, na nusu ya darasa walikuwa wanauliza habari ya chakula.

Sasa sikilizeni. Tulipokuwa Jami Masjid, mwanafunzi mwenzetu mmoja, binti Mhindu mwenyeji wa Vadodara, alibaki kwenye basi. Nikamfuata. Akaniambia amekuja Pavagadh na familia yake karibu kila mwaka tangu akiwa mtoto, na barabara inapita karibu na msikiti huu, lakini hajawahi kuingia hata siku moja. Alidhani wanawake hawaruhusiwi. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Ni pa watu wenu." Nikamshika mkono, nikamwambia watu wetu waliondoka pale karne ya 16, twende. Akaja. Alipoona yungiyungi kwenye nguzo alisimama kidogo, akasema kwamba nyumbani kwa bibi yake kuna mlango wenye ua lile lile.

Nikajisifu kimoyomoyo, mwalimu hodari mimi. Kumbe zamu yangu inakuja.

Kutoka chini unapanda kwa gari hadi mahali panaitwa Machi, ambako maduka yanauza nazi na vitambaa vyekundu vyenye pindo la dhahabu. Pale unachagua: ngazi mpaka kileleni, au kigari kinachoning'inia kwenye waya, ambacho nacho kinakuachia ngazi za kumalizia. Shoga yangu, ambaye ni Mswahili mwenzangu na Muislamu mwenzangu, akakaa kwenye benchi la muuza chai akasema yeye haendi. Nyumba ya sanamu haingii. "Na wewe usiende, shoga. Utamwambia nini mama yako?"

Nilisimama pale na tiketi mkononi kama dakika tano. Sitawaficha, niliogopa. Sio Mungu niliyemwogopa saa ile, niliogopa maneno ya watu. Halafu nikamwangalia yule binti wa Vadodara, niliyemtoa kwenye basi saa tatu kabla. Nilimwambia aingie kwetu, mimi nikatae kwao? Nikapanda.

Juu kuna upepo na umati. Watu wanaimba "Jai Mataji", vikongwe wanapanda ngazi wameshikwa na wajukuu, watoto wamebebwa mabegani. Wanaamini kwamba kidole cha mguu cha mungu wa kike Sati kiliangukia pale. Nilivua viatu nikapanga foleni na mtandio wangu kichwani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliiona sanamu ya Kalika, kichwa chekundu chenye macho makubwa, kwa sekunde chache, foleni ikanisukuma nje. Bibi mmoja alinipa kipande cha nazi iliyotolewa sadaka. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikampa mwenzangu wa Vadodara akala yeye. Hapo ndipo mpaka wangu ulipo. Kutazama nimetazama, kula kilichotolewa kwa mungu mwingine sikuweza, na bibi yule sikuona haja ya kumfanya ajisikie vibaya.

Lakini jambo lililonikaa ni paa. Mwaka 1484, baada ya kuuzingira mlima kwa karibu miezi 20, Sultani Mahmud Begada aliwashinda Warajputi waliokuwa wakiutawala. Kilele cha hekalu kikavunjwa. Baadaye juu ya paa kukawa na kaburi la mtakatifu wa Kiislamu, Sadanshah Pir, na kwa karne nyingi hekalu likaendelea hivyo, ibada ya Wahindu chini na dargah juu. Hekalu lilipojengwa upya, dargah ilihamishiwa jirani kwa makubaliano, na tarehe 18 Juni 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akapandisha bendera kwenye kilele kipya. Mwenzangu ndiye aliyenionyesha bendera ile. Macho yake yalikuwa yanalengwa machozi. Na mimi nilitoka kusifia msikiti wa Begada asubuhi ile ile! Nilitamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana nabisha na shoga yangu. Ningeishia chini ningerudi na hadithi tamu ya mafundi wa dini mbili, nikawafundisha wanafunzi wangu kwamba zamani watu walipendana sana. Ningeishia juu tu ningerudi na hadithi ya kuvunjiwa na kulipiza. Zote zina ukweli na zote zimekatwa mguu. Mkono uliovunja kilele na mkono ulioagiza maua ya yungiyungi yachongwe msikitini ni wa utawala mmoja, na mwalimu wa historia anayeona aibu kusema mojawapo afadhali afundishe kitu kingine. Huwezi kuyajua haya kwenye benchi la muuza chai.

Shoga anasema dini ni kama glasi, ukiigonga-gonga inapasuka. Nikamuuliza: wewe si ulikwenda mapango ya Amboni na shule? Akasema ndiyo. Uliingia pale mzimuni, watu wanapoacha marashi na vitambaa na sarafu? Akasema ndiyo, mwalimu alituingiza. Mbona hukuritadi? Akacheka, halafu akakasirika zaidi, maana alishacheka.

Na hapa wadau nasema na nyie mlio nyumbani. Mimi nikiwa sekondari Tanga tulipelekwa Tongoni kuona gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo, jambo zuri. Lakini hekalu la Wahindu lililoko mjini nililipita miaka yote hiyo nikisikia kengele, na hakuna mwalimu aliyewahi kusema leo tubishe hodi. Wenye hekalu lile ni watu wa Tanga, wengi asili yao ni Gujarat hii hii ninayosoma. Nimevuka bahari ya Hindi nzima ndipo nikavua viatu kwenye mlango wa jirani yangu. Hivi hilo haliwachekeshi?

Najua mtasema wazazi watalalamika. Watalalamika, ndiyo. Mzazi aulizwe kabla, mtoto asiyetaka aachwe nje na mwalimu mwingine, bila kuzomewa. Shoga yangu alikuwa na haki ya kubaki Machi na chai yake. Asichokuwa na haki nacho ni kunitangazia hosteli nzima kwamba nimebadili dini.

Nikienda mazoezi ya kufundisha nitaomba safari moja ya namna hii, milango miwili siku moja. Mkuu wa shule akikataa nitaomba tena.

Kuhusu ugomvi: tangu jana tunaongea, ingawa ananiita "mama wa hekaluni". Usiku ameniomba nimuonyeshe picha za kule ndani. Nikamwambia sikupiga. Akanyamaza, halafu akauliza kile kigari cha waya nauli yake ni shilingi ngapi.